Mtoto Ambaye Mke Wangu Hakumwona

Mke wangu aliondoka Tingi siku ya Jumatatu, mimi nikiwa darasani. Niliporudi nyumbani nguo zake hazikuwepo, na chakula changu kilikuwa kimefunikwa mezani. Hakuacha ujumbe, ila nilijua amekwenda kwa mama yake, Kipatimu. Ilikuwa imepita miezi minane tangu tumzike mtoto wetu.

Nasema tumzike, lakini yeye hakuwepo. Mtoto alizaliwa akiwa ameshafariki, baada ya miaka mitano ya kumsubiri, na mke wangu alikuwa bado kalazwa, hana nguvu hata ya kuinua kichwa. Wazee walisema maiti isicheleweshwe. Nikambeba mwenyewe, mtoto wa kike, ndani ya kanga, na alasiri ileile tukamzika, mimi na baba yangu mdogo na majirani wawili. Mke wangu alipopata nafuu aliniuliza, "Mwalimu, alifanana na nani?" Nikamjibu, "Hayo ni mambo ya Mungu, tusiyafukue." Aliuliza tena mara mbili. Nilijibu vilevile mpaka akaacha kuuliza, na hatimaye akawa karibu hazungumzi nami kabisa.

Alipoondoka, wazee wa pande zote mbili walikaa. Wakataka kujua kama nampiga, kama simpi matumizi, kama nina mwanamke nje. Yote hapana. Wakanishauri nipeleke doti ya kanga nikamrudishe. Nilikwenda. Alizipokea kanga, akasema hayuko tayari.

Dada yangu, ambaye ni muuguzi Lindi mjini, ndiye aliyeniambia kuna washauri wanaozungumza na watu kwa njia ya mtandao. Nilimwambia siwezi kumweleza mtu nisiyemjua mambo ya ndani kwangu.

"Wanaokujua umewaeleza?" akaniuliza.

Usiku uleule niliingia kwenye tovuti yao. Fomu yao ilitaka nichague tatizo langu: msongo wa mawazo, mahusiano au familia. Nilichagua msongo wa mawazo kwa sababu ndio ulionitia aibu kidogo kuliko mengine. Jumamosi asubuhi nikajifungia kwenye stoo ya shule, ambako mtandao hausumbui sana, nikakaa juu ya gunia la mahindi ya uji wa wanafunzi. Kamera nikaizima.

Mshauri alikuwa mwanamke, na kwa sauti tu nilijua ni mdogo sana kwangu. "Shikamoo, mwalimu," alisema. Niliitikia marahaba na nusura nikate simu. Vipindi viwili vya kwanza nilimweleza habari za kukosa usingizi, na jinsi nilivyoanza kuwafokea wanafunzi kwa makosa madogo. Hakunipa nasaha yoyote. Aliuliza, kisha akangoja, na kule kungoja kwake kulinichosha kuliko maswali.

Kipindi cha tatu akasema, "Mwalimu, mtoto ulimwona?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Nilimwona," nikasema. "Alikuwa na nywele nyingi, zimeshuka mpaka shingoni. Sikio lake la kushoto lilijikunja kidogo kwa juu, kama la mama yake."

Nikashindwa kuendelea. Nililia nimejiziba mdomo kwa kofia, nikihofia mlinzi wa shule atanisikia.

"Mama yake anayajua haya?" mshauri akauliza nilipotulia.

"Hayajui. Niliogopa nitamliza."

"Na sasa halii?"

Juma lililofuata nilichukua bodaboda pale Njia Nne kwenda Kipatimu. Mvua ilikuwa imenyesha, na mara mbili tulishuka kusukuma pikipiki kwenye milima. Mama mkwe alikuwa barazani akichambua kunde. Nilimpa shikamoo yake, akaniitikia, akaingia ndani kutuachia nafasi. Nikamweleza mke wangu yote: nywele, sikio, kanga niliyombebea, mahali alipolala.

"Karibu mwaka mzima," alisema, "mimi nilidhani alikuwa na kilema. Nilidhani unanificha nilichokizaa."

Jambo hilo halikuwahi kunipitia akilini. Nilitaka kumshika mkono, akauondoa. "Nenda zako, mwalimu," alisema, na hakupandisha sauti. Niliondoka na mfuko wa machungwa ambao mama mkwe alinifungia, na nilikuwa na hakika ndoa imekwisha.

Siku nne baadaye aliniandikia: "Huyo mshauri wako anazungumza na wawili?"

Tulizungumza hivyo kwa miezi mitatu, yeye kilimani Kipatimu, mimi stoo. Mara nyingi sauti ilikatika, tukaanza upya. Mengine aliyoyasema yalikuwa mazito kuyasikia, hasa kwamba niliwaachia wazee waamue bila kumwuliza yeye. Niliomba radhi. Hakuipokea siku hiyo.

Safari yake ya kwanza Tingi ilikuwa ya kulizuru kaburi. Alisoma dua, akakaa chini, kisha akarudi Kipatimu siku ileile. Alirejea nyumbani msimu wa korosho ulipoanza. Hatujapata mtoto mwingine. Tunagombana kama watu wengine, na akinuna sasa namwuliza kwa nini. Wakati mwingine ananiambia, wakati mwingine ananiambia nimwache kwanza apumzike.