Suruali ya Babu Iliyomkataa Veit

Saa kumi na moja alfajiri, Resi Hallhuber ameshawasha jiko la kuni na kuketi penye benchi lake. Anatarizi jani la mwaloni kwa uzi mweupe kwenye ngozi ya kulungu. Suruali moja ya ngozi humchukua saa sitini, na wateja husubiri miaka miwili.

Hapa Hinterau, chini ya milima ya Bavaria, ukiiita kaptula utasahihishwa. Inayoishia juu ya goti ni “Kurze”, ya kuchezea ngoma. Inayofungwa chini kidogo ya goti ni “Bundhose”, ya kanisani. Resi, mwenye miaka 54, ameshona zaidi ya mia tano. Yake hana hata moja, maana suruali hizi ni za kiume na hurithishwa wanaume tu wa ukoo.

Bundhose nyeusi ya babu yao ilikwenda kwa mdogo wake Veit, karani wa bima mjini Munich.

“Babu alinifundisha mimi kushona. Veit hata sindano hajui kuishika,” anasema. “Nina wivu naye mwaka wa kumi na tisa huu. Andika hivyo hivyo, usinipambe.”

Februari, Veit alifanya kosa ambalo hapa hata mtoto halifanyi. Aliitia suruali kwenye mashine ya kufulia, kwa maji ya moto. Ngozi ikasinyaa, ikakakamaa kama ubao.

“Dada, nisaidie. Ilikuwa inanuka,” alisema alipoileta.

“Ilikuwa inanuka babu,” Resi akamjibu.

Nakiri nilicheka aliponisimulia. Yeye hakucheka. Kwa wiki sita ameisugua mafuta ya samaki na kuivuta kwa mikono. Ngozi imelainika, lakini upana haukurudi. Jumamosi iliyopita Veit alikuja kuijaribu, ikagoma mapajani.

“Si uongeze kipande, dada?”

“Niikate ya babu? Thubutu.”

“Sasa Jumapili kwenye msafara nitavaa nini?”

“Jiandikishe nikushonee mpya. Foleni unaijua.”

Alipoondoka, Resi alifunga mlango akaivaa mwenyewe. Vifungo vyote vikafunga.

Jumapili hii chama cha mila kinaandamana kwenda kanisani. Hajawahi kuonekana mwanamke ndani ya suruali kwenye msafara huo, na mwenyekiti ameshamwonya. Resi anasema ataivaa na kutembea mstari wa mbele.

“Veit atakuwa kando ya barabara na suruali yake ya ofisini,” anasema. “Atanionea wivu. Nataka nimwone usoni nikipita.”