Kazi ya Mlezi

Nakumbuka siku moja katika miaka ile ya hamsini, mwanangu, nilipoketi chumbani kwetu Kangemi kujaza fomu ya chuo kimoja kidogo upande wa Riruta. Darasani nilikuwa nimekaa miaka minne tu; mengine nilijifundisha kwa vitabu vilivyotupwa Spring Valley, ambako mjomba wangu Wekesa, aliyenilea, alikuwa dobi wa Mzungu. Kwa hiyo niliogopa kosa lolote. Kila jibu niliandika kwanza kwa penseli kwenye karatasi ya kufungia sukari, kisha nikalinakili kwa wino, nikipuliza kila mstari ukauke.

Fomu ikauliza kazi ya mlezi. Niliona neno "dobi" litachafua ukurasa wangu. Nikaandika "karani".

Nafasi nilipata. Msaada wa karo nilinyimwa, na bila msaada huo nafasi ilikuwa bure. Mjomba hakuelewa kwa nini. Akaomba ruhusa ya asubuhi moja, akapiga pasi kanzu yake ya kazi, tukaenda kwa miguu kumwona mkuu wa chuo, naye Mzungu.

"Wewe nani kwa hii kijana?" mkuu akauliza, fomu yangu mbele yake. "Hapa anasema mlezi yake ni karani. Karani anaweza kulipa."

Mjomba akanitazama. Neno moja lingetosha, nami nilikuwa nalo mdomoni. Nikatazama viatu vyangu, ambavyo yeye ndiye aliyevipaka rangi.

"Bwana karani amenituma," akasema. "Mimi ni dobi yake."

Njiani hakunigombeza. Tulipokaribia Kangemi ndipo akasema, "Sasa uko na baba karani. Mwambie akulipie." Akacheka peke yake.

Chuo sikukiona tena. Mjomba aliendelea kunipigia shati pasi kila Jumapili, na sikumwomba radhi. Nilikuwa bado natafuta maneno yasiyo na dosari, hata akarudi kwao Bungoma, akazikwa huko.

Nawe kesho unajaza fomu yako. Andika kazi ya aliyekulea kama ilivyo. Na kama una radhi ya kuomba, iombe leo, hata kwa maneno mabovu. Mungu akupe nafasi chuoni, mwanangu. Na akikunyima, akuachie mtu wa kurudi naye nyumbani.