Maoni Arobaini Juu ya Kitabu cha Sinema

Wenzangu mliokulia Kindu wakati nchi ikiitwa Zaire, nyie mtanishuhudia, maana hawa watoto wa leo nikiwasimulia wananitazama kama redio iliyoharibika. Sisi asubuhi tuliimba na kukata kiuno mbele ya bendera mpaka magoti yakalia, ndipo tukaingia darasani kujifunza hesabu tukiwa tumechoka kama watu waliobeba reli mabegani kutoka Kalemie. Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya mtaa mzima, kila mtu na jembe lake, tukifyeka majani ambayo nadhani yalikuwa yanaota tena nyuma yetu kabla hatujageuka. Na mchana, ukishaoga, ukishakula sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wa mto Lualaba, sinema!

Sinema yenyewe ilikuwa ukumbi mmoja pale mtaani kwetu Kasuku, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, shuka limetundikwa ukutani, na joto la kuivisha muhogo bila moto. Mashine ilinguruma kuliko treni. Filme zilikuwa tatu tu, lakini katekista aliyeziendesha alisimama kila Jumamosi na kutangaza, bila haya hata kidogo, kwamba leo ni filme mpya. Niliyoipenda mimi ilikuwa ya mwanamke aliyefukuzwa kijijini kwake. Anatembea na mtoto mgongoni hadi anafika kwenye mto uliofurika. Kuna kamba imefungwa toka ng'ambo hii hadi ile. Anaishika, anaingia majini. Yuko katikati, kamba inaanza kukatika, uzi mmoja, uzi wa pili, na paa, shuka linakuwa jeupe. Mkanda wa mwisho uliungua zamani, kabla sijazaliwa. Filme ile niliiona mara mia tatu, na mara zote mia tatu nilimwacha yule mama majini.

Jambo hilo lilinitesa, jamani. Yaya Feza, dada yangu mkubwa, alisema alizama. Mimi nilisema alivuka. Tuligombana tukitwanga, tuligombana tukiteka maji, mpaka Mama akapiga kelele: "Huyu mwanamuke wa filme atanimalizia watoto! Kama alikufa, tumuzike, tupike!"

Basi nikiwa na miaka kumi na mmoja, kikaja Kitabu. Nakiandika kwa herufi kubwa kwa sababu kilikuwa kizito kama mlango. Kilikuwa historia ya sinema ya dunia nzima, kwa Kifaransa, nchi kwa nchi, filme kwa filme, na kila filme imesimuliwa. Kilitoka kwa padri mmoja mzee wa Bukavu aliyependa sinema kuliko chakula. Vitabu vilikuwa viwili. Alitutumia cha kwanza, kinachoishia pale sinema ilipoanza kusema. Filme ya mama wa mto ilikuwa inasema. Kwa hiyo ilikuwa katika cha pili. Mnaelewa sasa? Mwisho wa mateso yangu ulikuwa umeandikwa, umepigwa chapa, uko kwenye kabati Bukavu.

Ndani ya Kitabu mlikuwa na barua. Padri aliomba wasomaji wamwandikie maoni yao, kila mmoja kwa mkono wake, ili ajue cha pili akipeleke wapi. Mwalimu Ramazani, aliyetunza chumba cha kusomea cha mtaa, akafunga daftari kwa kamba kwenye mguu wa meza, akaandika juu yake MAONI YA WASOMAJI, akaita watu.

Mungu wangu, walikuja! Walikuja wamevaa viatu. Walinawa mikono mlangoni kama wanaoingia kula kwa wakwe, wakagusa Kitabu, wakatazama picha mbili, wakamuuliza Mwalimu kama mwandishi yuko hai, kisha wakaandika. Na wakaandika nini? Nyie mnajua. Miaka ile, mtu wa Kindu akiambiwa atoe maoni, alijua namna moja tu ya kuyatoa. Fundi cherehani, Baba Salumu, aliandika: "Sisi mafundi wa Kasuku, baada ya kukiona kitabu hiki kwa macho yetu, tunakiunga mkono mia kwa mia, na tunawalaani maadui zake wote, wa ndani na wa nje." Maadui wa kitabu cha sinema! Akina mama wa soko la samaki waliandika kwamba wako nyuma ya Kitabu mpaka kufa. Mkuu wa Chama wa mtaa wetu alijaza ukurasa mzima, akamshukuru Kiongozi mara sita, na neno sinema halikutokea hata mara moja. Wote arobaini waliandika hivyo hivyo. Hata mmoja hakupindua ukurasa wa tano.

Mimi nilikisoma. Majuma matatu, kila mchana, na kamusi ndogo ya Yaya Feza, jasho likinidondoka. Sikuelewa nusu, lakini ile nusu niliyoielewa ilinikasirisha vizuri. Nikaandika, na maneno yangu nayajua mpaka leo: "Kitabu ni kizuri, lakini kina picha moja iliyowekwa kichwa chini. Filme nyingi kinazisimulia mwanzo tu. Na Afrika nzima imepewa mistari minne, yote minne ni ya simba. Naomba kitabu cha pili, kwa sababu nataka kujua kama mama wa kwenye mto alivuka." Nikatia jina langu.

Mwalimu Ramazani alisoma, akatazama dirishani, akasoma tena.

"Mutoto, weye unasema kitabu ya padri iko na makosa?"

"Iko nayo, Mwalimu. Nikuonyeshe?"

"Usinionyeshe! Kwa maandishi? Na jina chini? Na mukuu wa Chama atapitisha macho humu kesho?" Alishika ukurasa, akaurarua polepole, taratibu, kama mtu anayetoa bandeji kwenye kidonda cha mwanawe. "Nakupenda, mama yangu. Kwa hiyo hukuandika kitu."

Nilikimbia nyumbani nikilia. Baba, mtu wa reli, mpole, alikuwa anapiga viatu rangi. Aliponisikiliza mpaka mwisho akasema: "Mwalimu alifanya muzuri. Maoni njo ile wakubwa wanapenda kusikia. Ingine yote njo matata."

Daftari likapelekwa Bukavu. Tukangoja. Nilingoja kama watu wote wa Kindu wakiwekwa pamoja. Jibu lilipofika, Mwalimu Ramazani alilisoma mbele ya watu, ukumbi wa sinema umejaa, katika vazi lake la kola ya Chama, sauti ya sherehe:

"Wapendwa wasomaji wa Kindu, nimefurahi sana kuona ninyi wote arobaini mmeridhika mia kwa mia, wala hakuna mnachokikosa. Kwa hiyo kitabu cha pili nimewapelekea watu wa Uvira, walioniandikia kurasa tisa za malalamiko na wanataka kujua zaidi."

 Kisha Baba Salumu akapiga makofi, kwa sababu barua ikisomwa mbele ya watu lazima ipigiwe makofi, na ukumbi mzima ukamfuata. Walipiga makofi mpaka shuka likatikisika! Yaya Feza alinikanyaga mguu nisipige kelele. Mwalimu Ramazani peke yake hakupiga. Aliikunja barua, akanitafuta kwa macho katikati ya watu, akainamisha kichwa. Mtu mzima, mbele ya mtoto. Hasira yangu kwake iliisha palepale. Ile ya wengine ninayo bado.

Miaka imekwenda. Shule niliimalizia kwa masomo ya jioni, nikiwa na watoto watatu, na mwalimu wetu wa pale aliponiambia nitoe maoni nilimpa kurasa tisa. Leo nina mjukuu, Asumani, anayeniita koko, yaani bibi, na anayekaa na simu tangu jua linapochomoza. Huyo na wenzake hawamwogopi mtu. Vitabu, filme, serikali, mapishi yangu, vyote wanavipa maoni kabla hujamaliza kupumua, na hakuna wa kuwararulia ukurasa. Sisi tulisifu bila kusoma. Wao wanatukana bila kusoma. Kitabu kinabaki na vumbi lake vilevile. Lakini zamani angalau tulinawa mikono!

Juzi, nikichambua sombe, nilimsimulia filme ile yote, kijiji, mtoto, mafuriko, kamba. Nilidhani simu yake itaitafuta, lakini jina la filme sikuwahi kulijua. Kwetu lilikuwa Filme Mpya. Asumani hakuinua hata macho.

"Alivuka, koko."

Niliangusha sombe. "Uliiona wapi?"

"Sikuiona. Ni maoni yangu tu."

Nilivua kandambili nimrushie. Enzi zetu mtu alisubiri, alisoma, alilia, na hakuambiwa kitu. Huyu mtoto wa simu anakata neno huku anakuna mguu! Nilifoka mpaka majirani wakatoka nje. Kisha, walipokwisha kurudi ndani, nikaivaa kandambili yangu, nikakaa karibu naye, nikamuuliza polepole:

"Unafikiri na mutoto pia?"