Mlingoti Hatuushushi

Mama yangu aliapa kwamba hataingia tena kwenye mashua. Aliapa siku tuliyovuka Ziwa Tanganyika tukikimbia vita, mimi nikiwa mdogo mapajani mwake, na kiapo hicho alikuja nacho hadi Stockholm alipotutembelea kiangazi kile. "Mi siingie tena mu mashua, hata ikiwa ya dhahabu," alisema. Mimi ni mtoto wake, ukaidi nimeurithi mzima mzima. Nami nikaapa kwamba kabla hajarudi kwetu Uvira, ataingia kwenye yangu.

Yangu ilikuwa mashua ya tanga, kuukuu, tuliyoinunua mimi na mume wangu na kuikwangua rangi kwa mikono yetu. Stockholm iko kati ya ziwa na bahari; sisi tuliifunga upande wa ziwa, kusini mwa mji. Gati la wageni, ambako mtu mzima anaweza kuingia mashuani bila kulowa, liko upande wa baharini, na kulifikia lazima upite mfereji wenye madaraja mawili ya kufunguka. Mzee mmoja wa pale ziwani alinishauri tuulaze mlingoti, tupite chini bila kusumbua magari. Kwani magari ni ya mfalme? Mashua yake yeye ilipita kila wiki na mlingoti wima, na magari yakasubiri. Nikamwambia asante, hatuushushi.

Siku yenyewe ndiyo ilikuwa ya mama kusafiri. Dada yangu angemleta kutoka nyumbani kwake, mtaa wa Rågsved, hadi gatini, kisha moja kwa moja uwanja wa ndege.

Daraja la kwanza lilitufungukia vizuri. La pili ndilo lililonitoa jasho. Taa ya kuruhusu mashua ilipowaka kijani, mume wangu, aliyekuwa kwenye usukani, aliona mashua nyuma yetu imebeba wazee wenye mvi. Kwao Uganda, kama kwetu, humtangulii mtu mzima mlangoni. Akasogea kando, akawapungia mkono watangulie. Nyuma yao wakaja wazee wengine. Mji huu nao haukosi wazee wenye mashua! Akawapisha wote, anatabasamu kama anapokea wageni harusini. Taa ikawa nyekundu, daraja likashuka mbele yetu.

"Baba watoto, umefanya nini?"

"Mama watoto, wale ni wazee."

"Na anayetungoja gatini ni msichana?"

Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini, na daraja halingefunguka tena mpaka magari yapungue. Tukazunguka palepale, mimi nimenuna, simu ya dada inalia kila mara. Nilimkasirikia mume wangu, nikalikasirikia daraja, nikayakasirikia magari yenye mtu mmoja mmoja ndani. Mwishowe nikamwambia sogea, nikashika usukani mwenyewe.

Taa iliporudi kijani, mashua kubwa nyeupe ilikuja nyuma ikipiga honi, inataka kutangulia. Nahodha wake naye alikuwa na mvi. Adabu nimefundishwa, tena kwa fimbo, lakini siku hiyo sikugeuka. Tulipita katikati ya daraja, mlingoti umesimama, na wenye magari wakatungoja.

Mama alikuwa amesimama gatini na koti lake la safari, mkoba begani. Nilifunga kamba. Akaitazama mashua, akanitazama na mimi.

"Nani ameileta?"

"Mimi, mama."

Akavua viatu. Akamkabidhi dada mkoba, akaninyooshea mkono. Akaingia, akaketi. Dada akaanza habari za ndege, mama hakumwangalia. Nikafikiri atakaa kidogo, kiapo kivunjike, ashuke.

"Twende sasa, mwanangu," alisema. "Lakini polepole. Leo hatukimbie mtu."