Saa ya 404 ya Tata

Tik, tik, tik. Sauti hiyo haijanitoka: saa ndogo ya gari la zamani, na wanaume saba wamesimama kulizunguka wakitabasamu.

Naomba wenye ukurasa huu mfiche jina langu. Nina miaka ishirini na saba. Nilisomea sheria Lubumbashi, na sasa ninatafsiri hati katika ofisi moja hapa Kolwezi. Mimi ni mtoto wa kwanza. Mama yetu alishafariki.

Tata, baba yangu, ana gari la Kifaransa aina ya 404 alilolinunua akiwa kijana mgodini. Mishahara iliposimama, alianza kulivua vitu vyake na kuviuza: kwanza vifuniko vya magurudumu, kisha redio, mwisho saa ya dashibodi. Kila kilichotoka kililipa masomo yangu. Ninajua hata ni kipi kilinipeleka wapi. Saa ndiyo iliyonifikisha chuo kikuu.

Serge (si jina lake) alipokuja kunichumbia, familia ilimpa karatasi ya mahari kama ilivyo desturi: mbuzi, vitenge, suti ya mjomba. Chini kabisa Tata aliongeza kwa mkono wake: vifuniko vinne, redio na saa, vyote vya asili. Wajomba walicheka. Yeye hakucheka.

“Bile bitu bilitoka ju ya mutoto,” alisema. “Mwenye kubeba mutoto, arudishe.”

Serge alijitahidi, sitamsingizia. Vifuniko alivipata Lubumbashi, redio ikaja na dereva wa lori kutoka upande wa Zambia. Saa ndiyo iliyomshinda. Alileta moja mpya, inayong'aa. Tata aliigeuza nyuma, akamrudishia. “Iko muzuri. Muiweke kwenu ku salon, pa kukalisha bageni.”

Ukapita mwaka, ukapita wa pili. Serge akaanza kusema “gari ya baba yako” kana kwamba mimi ndiye niliyeliunda. Kila asubuhi nilipita uani kwenda kazini, nikaona lile tundu tupu kwenye dashibodi, duara lisilozidi kisahani cha chai, na nikajua kwamba maisha yangu yote yamekwama humo.

Basi nikaitafuta mwenyewe. Niliandikia wenye magari ya zamani mpaka Ufaransa, wakanijibu kwamba zimekwisha. Mwishowe nikasikia habari za mama mmoja muuza vyuma chakavu huko Fungurume. Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na 404 iliyokufa, kuku wanataga ndani. Niliingia nikalala chali chini ya usukani.

“Mama, unatafuta saa ao bwana?” yule muuza vyuma akaniuliza.

“Byote bibili.”

Alicheka mpaka akashika magoti. Bati la dashibodi lilinichana kidole gumba, damu ikadondoka hadi kwenye kiti. Lakini saa ilitoka nzima. Fundi wa saa sokoni akaisafisha, ikaanza kutembea.

Kwetu binti hachangii mahari yake. Ikijulikana, wazee wanairudisha, na hapo hakuna ndoa. Kwa hiyo nilimpa Serge ile saa mkononi, nikamsimulia nilivyoipata, kisha nikamwambia aseme ameinunua. Maneno mawili tu, nilifikiri.

Siku ya kukabidhi, Tata aliifunga mwenyewe kwa bisibisi. Ilipoanza kulia, wanaume wote saba walisogea kulizunguka gari wakitabasamu.

“Mwanangu, uliipata wapi?” Tata akamuuliza Serge.

Serge akakohoa kidogo. “Tata, nilienda Fungurume. Kuko mama moja, kuku yake inalala mu gari. Ananiuliza: papa, unatafuta saa ao bibi?”

Wakaangua kicheko. Akaeleza alivyolala chali chini ya usukani. Akaeleza damu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vinywaji, kidole changu kimefungwa kitambaa, nikakificha chini ya sinia. Tata alimkumbatia. Hajawahi kunikumbatia hivyo hata siku niliyopata diploma.

Jioni nilimuuliza Serge kwa nini alichukua mpaka kicheko cha yule mama.

“Ulitaka niseme nini? Mi na weye tuko mutu mumoja,” alisema. Kisha akatabasamu. “Unajua, sasa hata mi nakumbuka vile niliifungua.”

Hakuwa anatania. Nikaona miaka yangu yote mbele, kila nitakachofanya kikisimuliwa kwa mdomo wake. Na kadi za harusi zilikwisha chapishwa.

Niliandika mpaka hapo jana, nikitaka kuwauliza: niseme au ninyamaze? Leo asubuhi, kabla ya misa, Tata akaniita garini kama anavyofanya kila siku tangu saa irudi.

“Kuya usikie. Iko natembea.”

Niliketi kando yake. Nikaweka kidole gumba juu ya dashibodi, kovu likielekea kwake.

“Tata, ni mi niliifungua.”

Aliushika mkono wangu, akalitazama lile kovu. Kisha akauliza jambo nisilolitarajia: “Na kioo cha saa? Ulifanya namna gani hakikupasuka?”

Nikamweleza: kisu cha jikoni, kitambaa nilichokizungushia, kuku, swali la yule mama. Alicheka palepale alipocheka wakati Serge anasimulia, lakini taratibu, akiniangalia mimi. Alipomaliza, alichukua bisibisi, akaifungua saa, akaiweka mapajani mwangu.

“Mi siwezi kupokea mahari ku mukono ya mutoto wangu,” alisema bila hasira. “Nitaita bazee.”

Saa iko mezani ninapoandika, imesimama. Nimemwandikia Serge: Tata anajua, kuya uongee naye. Amesoma. Hajajibu.

Ninyi mnaonisoma, niambieni: akija, nimpe nafasi aende kuitafuta nyingine kwa miguu yake mwenyewe, au nimwache na hadithi yake? Kwa hilo ninawasikiliza. Ila asiniambie mtu kwamba ningenyamaza. Nimeshasema.