Gudulia la Mguu wa Kushoto

Ukitaka kumkasirisha Ngatinem, mwambie pole. Baada ya tetemeko la ardhi walikuja wageni wengi kijijini kwao, huko Bayat, wamebeba mahema na tambi za pakiti, na kila mmoja alianza na pole. Yeye aliwajibu wote namna moja: "Pole ya nini? Ninyi ndio mmetoka mbali na njaa. Kaeni mnywe chai." Kisha anawamiminia chai ya sukari tele, anawauliza habari za watoto wao, mpaka mgeni anaondoka ametulizwa yeye.

Si kwamba hakuwa na la kumliza. Tetemeko lilipopiga alfajiri ile, Karso mumewe alikuwa bado amelala, na ukuta wa matofali alioujenga kwa mikono yake mwenyewe, akautambia kwa majirani miaka nenda rudi, ulimwangukia akafa palepale. Ngatinem alikuwa jikoni anapuliza moto. Boriti ya paa ilimponda mguu wa kulia. Mpaka anafikishwa hospitali ya mjini, na mpaka zamu yake inafika katika umati ule wa majeruhi, mguu ulikuwa haufai tena; ukakatwa chini ya goti. Kwao kiungo kilichokatwa huvikwa sanda na kuzikwa kwa heshima zake. Ngatinem akaagiza mguu wake uzikwe pembeni mwa kaburi la Karso, ubavuni kwake.

"Alikuwa akikoroma yule," alimwambia wifi yake Saminah pale kitandani hospitalini, macho yamemvimba kwa kulia. "Usiku kucha nampiga teke ndiyo anyamaze. Sasa huko bila teke langu malaika watalala vipi?"

Saminah, ambaye marehemu alikuwa kaka yake wa tumbo moja, alikuwa amekuja kulia. Akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja, makamasi yanamtoka, anamwita wifi yake mwehu. Usidhani Ngatinem alikuwa na moyo wa jiwe. Alilia sana, alilia mpaka sauti ikamkauka, lakini akimaliza alikuwa anajifuta uso na kuuliza kama kuku wamelishwa.

Kazi yake ilikuwa ufinyanzi, kama mama yake na bibi yake. Kijijini kwao wanaume huchimba udongo na kuchoma vyombo, wanaofinyanga ni wanawake, na gurudumu lao halikulala bapa kama la watu wengine, limeinama. Mfinyanzi anakaa upande kwenye kigoda, magoti pamoja, amejifunga kitambaa cha batiki kilichombana mpaka vifundoni, na kwa mguu wa kulia anasukuma kijiti cha mwanzi kinachovuta kamba, kamba nayo inazungusha gurudumu. Hivyo mwanamke anafinyanga kutwa nzima bila kupanua miguu mbele za watu. Mguu wa kulia ndio unaoongoza kazi yote, mikono inaufuata, na Ngatinem sasa alikuwa amebaki na wa kushoto.

Wakati huohuo binti yake wa pekee, Warsini, alikuwa na harusi mlangoni. Posa ilishapokelewa Karso akiwa hai, na siku ilishapangwa: mwezi wa mfungo tatu, ambao kwao ndio mwezi wa harusi. Warsini alitaka kuahirisha.

"Mama, tungoje kwanza. Baba hata udongo wake haujakauka."

"Baba yako alishakunywa chai ya wakwe zako na vitumbua vyao akala," alijibu Ngatinem. "Leo nikamwambie nini? Kwamba aitapike?"

Sasa kwao, siku moja kabla ya ndoa, bibi harusi huogeshwa uani kwa maji ya visima saba yaliyotiwa maua. Maji ya mwisho humiminwa na mama yake kutoka kwenye gudulia la udongo, kisha mama analivunja gudulia lile mbele ya watu wote, akitamka kwamba nuru ya mwanawe sasa itoke, na hapo ndipo msichana anahesabiwa amekuwa mtu mzima. Watu wengine hununua gudulia sokoni. Katika ukoo wa Ngatinem halinunuliwi. Mama yake alimfinyangia la kwake, na bibi alimfinyangia mama, na Ngatinem alishaapa tangu Warsini ananyonya kwamba la mwanawe litatoka mikononi mwake. Alijiambia wazi kabisa: mume amekwenda, nyumba imekwenda, mguu umekwenda, na hili nalo likienda, basi nitakuwa sina changu tena.

"Nitakufinyangia mimi," alisema Saminah, ambaye naye alikuwa mfinyanzi hodari. "Gudulia moja tu, asubuhi moja limekwisha."

"Nitafinyanga mwenyewe."

"Kwa mguu gani, wifi yangu?"

"Huu hapa. Miaka yote hii umekaa bure, mwenzake anatoka jasho peke yake. Nao ufanye kazi ujue dunia."

Gurudumu lilifukuliwa kwenye kifusi likiwa zima, lina ufa mdogo tu pembeni. Ngatinem aliagiza kijiti kihamishiwe upande wa kushoto na kamba izungushwe kinyume. Akajiweka sawa kwenye kigoda, magongo yake kayaegemeza ukutani, akasukuma. Gurudumu likazunguka kushoto badala ya kulia, na mikono yake ikachanganyikiwa. Mkono uliozoea kubonyeza ukawa unavuta, uliozoea kuvuta ukawa haujui pa kushika. Udongo ulichomoka ukamtua Warsini kifuani.

Wiki zile kilitoka kila kitu isipokuwa chungu. Kilitoka kitu kama boga lililokaliwa na nyati, kikatoka kingine kimeinama kama mtu anayesikiliza umbeya. Na watu wa kijiji hawakumwachia, kwa sababu kule kijijini mtu anayeachwa bila kutaniwa ndiye aliyekwisha.

"Yu Ngatinem!" aliita jirani mmoja kutoka barabarani, akimwita dada mkubwa kwa adabu zote huku amebana kicheko. "Hicho chungu hicho, au kofia?"

"Kofia ya mumeo! Mlete nimpime, maana kichwa chake nacho ndivyo kilivyo!"

Lakini kuna siku Warsini alirudi kutoka kisimani akamkuta mama yake ameinamia gurudumu, mabega yanatikisika, machozi yanadondokea udongo. Karso ndiye aliyekuwa akimpondea udongo kila asubuhi, huku anapiga mluzi vibaya, na siku ile Ngatinem aliukumbuka ule mluzi mbovu akashindwa kuendelea. Warsini akatupa ndoo akamkimbilia.

"Mama, acha! Tutavunja la shangazi, mimi sijali, naapa sijali!"

"Nalia," alisema Ngatinem bila kuinua uso. "Usinisumbue, nduk, mwanangu. Nikimaliza nitaendelea."

Na alipomaliza aliendelea. Mguu wa kushoto ukaanza kushika mwendo, kwanza kwa kusitasita, kisha ukawa unasukuma wenyewe bila kuambiwa. Mikono nayo ikakubali yaishe. Zikatoka bakuli, vikatoka vyungu vya kupikia, na mvua za kwanza zilipoanza kunyesha likatoka gudulia: tumbo la mviringo, shingo nyembamba, mdomo wa kumiminia umechongoka vizuri. Saminah alilizunguka akitafuta kasoro, maana wifi ni wifi. Hakuipata.

Kukausha katika mvua ile ilikuwa kazi nyingine, na lilikaa juu ya meko mpaka likapata rangi ya moshi. Kisha ikaja kazi ya kuchoma, ambayo siku zote ilikuwa ya Karso. Ngatinem alisema atachoma mwenyewe. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo ni mfinyanzi tu anayeweza kulifanya. Gudulia la harusi huchomwa nusunusu, lishike maji kidogo tu, maana limezaliwa kuvunjwa. Kila mtu Bayat anajua hilo, na yeye alilijua kuliko wote.

"Toa sasa, limetosha," alisema Saminah majani ya kuchomea yalipoanza kuwa majivu.

"Ongeza kuni."

"Wifi, hilo si la kuwekea maji ya kunywa. Ni la kuvunja!"

"Nimetoka jasho nusu mimi? Ongeza kuni nimesema."

Alishindwa tu kulitoa likiwa halijaiva, ndiyo kweli yake. Likatoka jekundu, gumu, ukiligonga kwa kidole linalia kama kengele. Alitembea nalo kijiji kizima kwa magongo yake, limefungwa mgongoni kama mtoto, akawagongea wote waliomwita mfinyanga kofia. "Gonga! Hebu gonga usikie!" Nami nasema alikuwa na haki.

Siku ya kuogeshwa ikafika. Usiku wake ilikuwa imenyesha, na ua ulikuwa tope tupu, kwa sababu sakafu yake ya zamani ilikwenda na kifusi. Warsini alikaa kwenye kigoda amevikwa mashada ya asumini mabegani, akitetemeka kwa baridi. Mbah Dirjo, bibi mzee aliyesimamia harusi zote za kijiji na hakuwa na simile na mtu, aliwaita wazee mmoja mmoja wakammiminia maji ya maua. Mwisho akamwita mama. Ngatinem akasogea na gongo moja, akammiminia mwanawe maji ya gudulia kichwani, taratibu, mpaka tone la mwisho. Kisha akalirusha chini.

Likatua topeni, pwaa, likakaa wima kana kwamba limewekwa.

Gudulia lisilovunjika ni habari mbaya. Shangazi wa bwana harusi alishaanza kumnong'oneza jirani yake. Ngatinem akaliokota, akalirusha tena kwa mkono mmoja, wa pili umeshika gongo. Likabiringika mpaka miguuni kwa Saminah, zima kabisa, halina hata mkwaruzo. Mtu mmoja akaguna. Warsini akaanza kulia.

"Mama, labda Baba hataki."

"Baba yako?" Ngatinem aligeuka kwa ukali mpaka nusura aanguke. "Baba yako angekuwepo angecheka mpaka akae kwenye hilo tope! Hapa hamna mkosi, hapa kuna ardhi laini na chombo kilichoiva! Nani amewahi kuona gudulia la harusi gumu namna hii? Semeni! Nani?"

Saminah akaliokota gudulia, akamsogelea wifi yake, akamwambia chinichini kwamba ndani, chini ya kitanda, amelificha gudulia lake lingine, la kuchomwa nusunusu, kwa dharura tu, asikasirike.

"Lete hilo tuvunje," alisema Mbah Dirjo, aliyekuwa karibu akasikia, mdomo mwekundu kwa tambuu. "Na hili kaa nalo, Ngatinem. Liweke kabatini. Wajukuu zako waje waone bibi yao alifanya nini kwa mguu mmoja. Kwa nini livunjwe zuri kama hili?"

Wanawake wakaitikia kwamba kweli, itakuwa hasara. Ngatinem akaliangalia gudulia mikononi mwa wifi yake, limepakaa tope lakini wekundu wake unaonekana. Alitaka kubaki nalo. Alitaka sana. Tangu alfajiri ile, kila kitu kilichomtoka kilichukuliwa bila yeye kuulizwa, na hiki hapa, kwa mara ya kwanza, alikuwa anaulizwa.

"Hili ni la Warsini," alisema, akilichukua. "Nileteeni jiwe la kusagia."

Wakaleta jiwe la jikoni, zito, wakaliweka topeni mbele yake. Ngatinem akalitupa gongo kando. "Nishikeni kiuno," akawaambia wifi yake na binti yake, nao wakamshika huku na huku, Warsini maji yakimchuruzika na maua yamemganda shingoni. Akaliinua gudulia kwa mikono yote miwili juu ya kichwa, akalishusha kwa nguvu zake zote.

Lilipasuka kwa mlio uliowaamsha bata wa jirani. Vigae viliruka mpaka kwenye magoti ya shangazi wa bwana harusi.

"Nimelipasua," alisema Ngatinem, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani, "ili nuru ya mwanangu itoke!" Neno la mwanangu ndilo lililomshinda, akalimalizia kwa kilio, lakini kichwa hakukiinamisha, na ua mzima ukapiga vigelegele na makofi kama watu waliovunja magudulia mia.

Mbah Dirjo aliinama kwa shida akaokota kigae kimoja. Akakigeuza, akakigonga kwa ukucha, akakisikiliza. Bibi yule hajawahi kumsifu mtu tangu azaliwe, na siku ile pia hakusifu.

"Mjukuu wangu anaolewa mwaka ujao," alisema. "Gudulia lake utafinyanga wewe. Ila hilo, tafadhali, lichome nusu."

Ngatinem alijifuta machozi kwa kiganja chenye tope, akaacha mstari mweusi shavuni.

"Mimi sichomi nusu, Mbah," alisema. "Njooni na jiwe."