Chumba Kilichopata Homa

Mchana kweupe, mkwe wangu akiwa kazini, simu yake ilimwonyesha kwamba chumba cha mtoto kina homa.

Si moto. Homa. Nyuzi thelathini na tisa nukta mbili, na nje baridi inatafuna mifupa.

Aliyekipa chumba homa ni mimi. Kaeni niwaeleze.

Mwanangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, yuko njiani kuliko nyumbani. Mkewe ni fundi wa simu. Walipopata mtoto na likizo ya uzazi ikaisha, nikaitwa kulea. Nilikuja na begi moja na furaha ya kujaza gunia. Mjukuu wa kwanza, jamani.

Tatizo langu ni moja tu. Joto likinikolea, nasinzia.

Na chumba kile kilikuwa na hita ya umeme yenye mafuta ndani, ile ya mapezi, isiyo na sauti wala taa. Inakuivisha taratibu kama sufuria ya maharage. Wiki ya kwanza mkwe alirudi akamkuta mtoto analia na bibi anakoroma, shingo imelalia bega.

Hakufoka. Alisema kwa adabu zake zote kwamba kama nimechoka, mama yake mzazi yuko tayari kuja kunipokea.

Huyo mama yake mimi namwita Kamanda. Hajawahi kusinzia mchana tangu azaliwe, na hakosi kukukumbusha. Nikaapa moyoni: mjukuu huyu hatoki mikononi mwangu.

Siku chache baadaye mkwe akatengeneza kidude chake. Ni kiboksi kidogo kama cha kiberiti, kinaitwa rilei, swichi inayopokea amri ya simu bila waya. Akakifunga kwenye waya wa hita, akakipangia kazi: chumba kikishuka chini ya nyuzi ishirini na tatu, washa, kikipita ishirini na tano, zima. Kwenye kiboksi akachomeka waya mrefu wenye kijiti cha chuma nchani, akakitundika msumarini karibu na kiti changu.

Nikauliza hicho kijiti cha nini.

"Hilo ndilo jicho lake, mama. Joto linaloonekana hapo ndilo kinaloliamini. Ila usichomoe plagi, simu yangu itapiga kelele."

Nikamwambia sawa, mwanangu, mimi mitambo nitaijulia wapi.

Kesho yake, mlango ulipofungwa tu, nikakitoa kijiti msumarini nikakitia kifuani. Katikati. Mahali ambapo watoto watano wamelala wakapata joto.

Nusu saa, hita ikaanza kupoa. Saa nzima, imekuwa jiwe.

Nikamfunga mjukuu blanketi mbili, nikampakata, usingizi ukapita mbali. Jioni kijiti kikarudi msumarini, nami nikavaa uso wa malaika.

Chezea bibi wewe.

Nikaenda hivyo wiki tatu. Sikusinzia hata dakika. Chumba hakichomi wala hakigandishi, kimekaa sawasawa, nikajipongeza kwamba mashine nimeikomesha. Mkwe akisifu kwamba siku hizi niko macho, namwambia ni maombi.

Wiki ya nne kikaja kikohozi.

Mbavu za kulia zikawa zinachoma kila nikivuta pumzi. Nikauchuna. Ningesema naumwa, Kamanda angekuwa mlangoni kabla sijafunga mdomo. Nikajifunga mtandio puani nisimkoholee mtoto, nikadai ni vumbi.

Siku ya tatu, saa saba mchana, nikasikia funguo mlangoni.

Mkwe. Amekuja mbio, bisibisi bado iko mfukoni.

Nikajua kimenuka. Mkono ukakimbilia kifuani, ukachelewa. Nikaanza kueleza kwamba kijiti kilianguka chenyewe, nilikuwa nakipangusa tu. Na hapo waya umetoka shingoni mwangu unaning'inia kama mkufu.

Hakunisikiliza. Alinishika paji la uso.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu lini nini?"

"Mama."

 Nikasema ukweli: siku tatu.

Akambeba mtoto, akanishika mkono, tukaenda hospitali. Daktari alisikiliza mgongo, akaagiza picha, akasema pafu la kulia limeshambuliwa, na kwa umri wangu siku mbili zaidi tungekuwa tunaongea mengine. Mtoto naye akapimwa. Mzima.

Siku ya pili wodini, nikaona bora nitubu. Nikamwambia mkwe kila kitu, kuanzia asubuhi ile ya kwanza.

Akafungua simu akanionyesha mstari. Kila siku ya kazi, kuanzia saa mbili hadi saa kumi, thelathini na sita na nusu. Umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, mpaka mchana ule ulipopanda.

"Nilijua siku ile ile. Chumba gani duniani kina joto la mtu?"

Kumbe usiku huohuo alificha kijiti kingine chini ya kitanda cha mtoto, na tangu hapo hita ikawa inakifuata hicho. Akashusha na kipimo hadi nyuzi ishirini, nisisinzie. Kile changu akakiacha kinisome tu.

"Kliniki hutaki kwenda. Simu ukipewa unaifungia kabatini," alisema. "Nikiwa kazini nikaona thelathini na sita na nusu, najua mama yupo, mzima. Nikasema acha anidanganye."

 Miaka yangu yote sitini na tisa, nimechezewa danganya toto.

Ndiyo, Kamanda alikuja. Alikaa siku sita na mtoto akanenepa, zaidi ya hapo sisemi. Nilipotoka hospitali niliingia kichwa chini, nikijua begi langu litakuwa limeshafungwa.

Mkwe hakuuliza kama nitabaki au nitaondoka. Aliniwekea mtoto mapajani, akaenda kazini.

Waliotutangulia walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kaniumbua mkwe, kifo kikakuta nafasi imechukuliwa.

Wazee wenzangu, ujanja fanyeni, hakuna aliyekataza. Ila mkiumwa, semeni. Si kila mtu amejaliwa mkwe anayekubali kudanganywa.